Chuma Kizito, Usingizi Mrefu

Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Tanzania na Amanal Petros wa Ujerumani walimaliza marathoni ya ubingwa wa dunia kwa muda uleule: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Waamuzi walilazimika kuitazama picha ya mstari wa kumalizia ndipo ikabainika kwamba Simbu ametangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Mapafu yalikwisha kufanya kazi yake zamani; bila mapafu ya hali ya juu hakuna hata mmoja kati yao ambaye angefika pale akiwa mbele. Kilichobaki katika mita zile za mwisho ni miguu. Nani bado anaweza kuisukuma ardhi kwa nguvu baada ya kuikanyaga zaidi ya mara elfu ishirini?

Nguvu ya namna hiyo hufunzwa, na ndiyo sehemu ya mazoezi ambayo makambi yetu mengi ya riadha huipa nafasi ndogo kuliko zote. Nafasi ndogo zaidi hupewa pumziko. Nayaeleza yote mawili pamoja kwa sababu ukiyatenganisha hakuna hata moja litakalofanya kazi: mwanariadha anayebeba chuma bila kupumzika anajichosha tu, na anayepumzika bila kwanza kuushtua mwili kwa kazi nzito hana cha kujenga.

Tuanze na hofu. Kuanzia Iten na Kapsabet hadi Arusha na Mbulu utakutana na kocha anayeamini kwamba vyuma humfanya mkimbiaji awe mzito. Nimeisikia hoja hiyo kwa watu ninaowaheshimu sana. Wameona vijana wa jimu wenye vifua vipana, wakajiuliza mtu wa kilo 55 atayapelekaje mapaja kama yale hadi kilomita ya 42. Swali lao ni la haki. Jibu ni kwamba msuli haunenepi kwa sababu tu mtu ameshika chuma. Ili unenepe, unahitaji seti nyingi kila wiki, chakula kinachozidi kile ambacho mwili unatumia, na mbio chache. Mkimbiaji anayemaliza kilomita 160 kwa wiki hana hata sharti moja kati ya hayo.

Jambo hili lilipimwa nchini Norway, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Wakimbiaji wazoefu 17 waligawanywa makundi mawili. Wote waliendelea na mbio zao za kawaida, lakini kundi moja liliongezewa zoezi moja tu: kuchuchumaa nusu wakiwa na chuma mabegani, seti 4 za marudio 4, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 8. Chuma chenyewe kilikuwa kizito kiasi kwamba rudio la tano lisingewezekana. Mwisho wa wiki hizo, oksijeni waliyoitumia kukimbia kwa mwendo uleule ilikuwa imepungua kwa asilimia 5, na muda walioweza kuvumilia kwenye kasi yao ya juu uliongezeka kwa zaidi ya asilimia 20. Uzito wao wa mwili ulibaki palepale. Uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni haukuongezeka pia, na hilo ndilo la kutafakari: walipata faida bila mapafu kubadilika.

Miaka tisa kabla ya hapo, watafiti wa Finland wakiongozwa na Leena Paavolainen walikwenda mbali zaidi. Hawakuongeza mazoezi; walibadilisha. Karibu theluthi moja ya muda wa mazoezi ya wakimbiaji wao iliondolewa kwenye mbio za kawaida ikapelekwa kwenye miruko, mbio fupi za kasi na vyuma vyepesi vinavyosukumwa upesi. Baada ya wiki 9, muda wao wa mita 5,000 ulikuwa bora, huku wenzao walioendelea kukimbia kama kawaida wakibaki walipokuwa. Kocha anayeamini kwamba dawa ya kila tatizo ni kuongeza kilomita angefaa kuzirudia namba hizo mara mbili.

Kwa nini inakuwa hivyo? Katika wiki za mwanzo kinachobadilika hasa ni amri inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye msuli. Msuli una nyuzi nyingi, na mtu asiyezoea mzigo mzito hawezi kuziita zote kwa pamoja. Chuma kizito humfundisha kuziita nyingi zaidi, na kwa haraka zaidi. Kisha zinakuja kano. Kano ya kisigino hujivuta mguu unapotua na kurudisha nishati ile mguu unapoondoka, kama mpira wa manati, na nishati inayorudi hivyo mkimbiaji hailipii kwa oksijeni. Lakini kano haiwezi kuvutika vizuri ikiwa msuli unaoishikilia umelegea. Mtazame mkimbiaji dhaifu kwenye kilomita ya 35: goti linakunjika zaidi kila anapotua, nyonga inashuka upande mmoja, unyayo unakawia chini. Watu husema pumzi imemwishia, ilhali mara nyingi kinachomwangusha ni miguu iliyoshindwa kumbeba.

Kuna wanaokubali yote haya kisha wakakosea hatua inayofuata. Wanawapanga vijana uwanjani asubuhi: kupiga pushapu hamsini, kuinua tumbo mara mia, kuruka kichura hadi mapaja yawake moto, bila kupumua. Hayo ni mazoezi ya uvumilivu, na mkimbiaji wa mbio ndefu tayari anao uvumilivu wa kutosha kuwagawia wengine. Anachokosa ni nguvu halisi, nayo hutafutwa kwa mzigo mzito, marudio machache na dakika tatu nzima za kusubiri kati ya seti na seti. Dakika hizo tatu huwaudhi makocha wengi. Wanaona mtu ameketi, wanadhani ni uvivu. Neva zinahitaji muda ule ili seti inayofuata ifanywe kwa nguvu zote. Ukiuondoa, umelirudisha zoezi kuwa mbio za kukaa mahali pamoja.

Kuchuchumaa na chuma, kuinua chuma kutoka sakafuni, kupanda kibao kirefu kwa mguu mmoja, kunyanyua visigino taratibu ukiwa na mzigo: haya manne yanatosha kwa miaka kadhaa. Asiyewahi kuyafanya aanze na mpini wa jembe mabegani hadi mgongo na magoti yake yajue njia, ndipo aongezewe mzigo kidogo kidogo kwa majuma. Wala jimu ya kisasa si lazima. Makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba yamewajenga wanamichezo katika mitaa mingi ya miji yetu, mradi mtu awepo wa kusimamia na mizigo ipimwe kwenye mizani badala ya kukisiwa. Milima ya Iten inasaidia pia, kwani kila hatua ya kupanda ni kazi ya nguvu. Ila mlima haukupi mzigo unaoweza kuongezwa mwezi hadi mwezi, na mwili huzoea upesi kile kisichoongezeka.

Mabadiliko yameanza, na yameanza kwa walio juu. Kambini Kaptagat, Eliud Kipchoge na wenzake walio chini ya kocha Patrick Sang wameingiza vipindi vya mazoezi ya viungo na nguvu katika ratiba ya wiki: mikeka chini, mipira ya kuvuta miguuni, kuinua nyonga, kusimama kwa mguu mmoja. Vipindi hivyo si vya chuma kizito, lakini vina nidhamu isiyokosa. Upande wa mbio fupi, Ferdinand Omanyala, aliyetokea kwenye raga, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani mnamo Septemba 2021 na kuweka rekodi ya Afrika. Mwili wake ni ushahidi unaoonekana hata kwa asiyejua sayansi kwamba Kenya inaweza kumlea mtu wa nguvu na siyo wa pumzi peke yake.

Makocha wa mpira wa miguu na raga wana hofu iliyo kinyume: kwamba mbio nyingi zitakula nguvu. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 1980 Robert Hickson, mtafiti wa Chicago, alichapisha jaribio la wiki 10 lenye makundi matatu: wa nguvu tu, wa uvumilivu tu, na wa vyote viwili. Kundi la vyote viwili lilipanda kinguvu sawa na wenzao hadi kama wiki ya saba, kisha likasimama na kuanza kushuka. Uvumilivu wao haukuathirika. Wa mbio ndefu asiogope basi, maana hasara iliangukia upande wa nguvu. Lakini washiriki wale walikuwa wakifanya kazi ngumu karibu kila siku, na hapo ndipo ratiba inapoingia. Ninachopendekeza ni vyuma viwekwe siku ileile ya mbio ngumu, saa sita au zaidi baada yake: kasi asubuhi, chuma alasiri. Siku ya mbio nyepesi ibaki nyepesi kabisa. Kocha anayepeleka vyuma kwenye siku nyepesi eti kwa sababu kuna nafasi, amefuta siku ya pekee ambayo mwili ulikuwa unajijenga.

Kuhusu majeraha sitakaa sana, kwa sababu ushahidi hauna ubishi mwingi. Uchambuzi uliochapishwa na watafiti wa Denmark mwaka 2014, uliounganisha majaribio 25 yenye washiriki zaidi ya 26,000, ulionyesha kwamba mazoezi ya nguvu yalipunguza majeraha ya michezo hadi chini ya theluthi moja, huku kujinyoosha peke yake kukikosa athari ya maana. Kujinyoosha ndiko kunakochukua robo saa ya kwanza katika viwanja vyetu vingi! Kwa wachezaji wa mpira kuna zoezi moja la bure: kupiga magoti, mwenzako akakushikilia vifundo vya miguu, kisha ukajishusha mbele taratibu ukizuiwa na misuli ya nyuma ya paja. Timu zinazolifanya kwa uthabiti hupunguza majeraha ya msuli huo kwa karibu nusu. Mchezaji anayeshika paja lake dakika ya 70 na kutolewa kwa machela angeweza, mara nyingi, kuwa bado uwanjani.

Sasa pumziko, ambalo ndilo jambo lenyewe.

Mazoezi ni uharibifu uliopimwa. Unapomaliza kuchuchumaa na chuma, wewe ni dhaifu kuliko ulivyoanza. Nyuzi za misuli zimechanika kidogo, akiba ya wanga imepungua, neva zimechoka. Ujenzi unaanza ukishaweka chuma chini na kuendelea kwa saa 24 hadi 48, wakati msuli unapotengeneza protini mpya kwa kasi kuliko kawaida. Kano zinahitaji muda mrefu zaidi, kwa sababu hupata damu kidogo. Zinabadilika kwa miezi huku msuli ukibadilika kwa wiki. Ndiyo maana kijana aliyepata nguvu haraka huumia kisigino katika mwezi wa tatu: msuli umeitangulia kano, na kocha, akiyaona maendeleo, ameongeza mzigo.

Tazama njia mbili zilizotoka katika nyanda zilezile za juu. Kipchoge amesema mara nyingi kwamba hakimbii kwa asilimia 100 mazoezini; siku ngumu za wiki, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, anafika kama asilimia 80, na siku nyingine hamsini. Hulala mapema usiku na tena mchana. Kwa maisha hayo alikimbia saa 2, dakika 1 na sekunde 9 mjini Berlin mwaka 2022, akiwa na miaka 37. Kelvin Kiptum, Mungu amrehemu, alipita njia nyingine. Kocha wake, Gervais Hakizimana kutoka Rwanda, alieleza kwamba zipo wiki ambazo kijana huyo alizidisha kilomita 300, bila siku maalumu ya mapumziko. Tarehe 8 Oktoba 2023 Kiptum alikimbia saa 2 na sekunde 35 mjini Chicago, rekodi ya dunia. Hakizimana mwenyewe hakuificha hofu yake: alisema kwa kasi ile mwili wa Kiptum ungeweza kuvunjika, na kwamba ndani ya miaka mitano huenda angekuwa amekwisha. Kiptum na kocha wake walifariki katika ajali ya gari Februari 2024, kabla ya kujua jibu. Kuna vijana wengi sasa wanaozinakili kilomita za Kiptum bila kuwa na mwili wake wala kocha mwenye macho kama yale. Nawaomba wazinakili kwanza saa za kulala za Kipchoge.

Usingizi ndicho kirejesha nguvu ambacho hakuna dawa wala mashine iliyowahi kukizidi. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, wachezaji 11 wa mpira wa kikapu waliombwa wakae kitandani kwa muda wa saa 10 kila usiku kwa wiki 5 hadi 7. Mbio zao za uwanjani zilishuka kutoka sekunde 16.2 hadi 15.5, na mitupo huru iliyoingia ikaongezeka kwa asilimia 9. Hakuna zoezi lililobadilishwa. Utafiti mwingine wa Marekani, wa wanamichezo wa shule, uliona kwamba waliolala chini ya saa 8 walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 1.7 kuliko waliolala saa 8 au zaidi. Fikiria shule zetu za bweni, ambako mwanafunzi anayetegemewa kwenye mashindano ya kanda anaamshwa saa kumi alfajiri kwa masomo ya ziada, anafanya mazoezi jioni, kisha anasoma hadi saa nne usiku. Akiumia tunasema hana bahati.

Ndoo za barafu nazo zimeingia makambini kwa kuigwa kutoka Ulaya. Zina faida pale mtu anapocheza leo na kesho yake tena. Lakini jaribio la wiki 12 lililofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2015 lilionyesha kwamba waliozama kwenye maji baridi baada ya kila kipindi cha vyuma walijenga misuli na nguvu kidogo kuliko waliokanyaga baiskeli taratibu. Baridi huzima ule moto ambao mwili unautumia kujijengea. Katika msimu wa kujenga, iacheni barafu.

Chakula kinahitaji ukweli zaidi kuliko tunavyopenda. Ugali, sukuma wiki, maziwa na chai vimewalea mabingwa, wala sitamruhusu mtu avidharau: utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wakimbiaji bora wa Kenya uliona kwamba zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitoka kwenye wanga, chanzo bora kabisa cha nguvu kwa mbio. Utafiti huohuo uliona pia kwamba walikula pungufu ya walichotumia, na protini yao ilikuwa takribani gramu 1.3 kwa kila kilo ya mwili. Kwa anayebeba vyuma, kiwango kinachokubalika ni kama gramu 1.6. Kwa mtu wa kilo 55, tofauti ni gramu 16 na ushee kwa siku, sawa na nusu lita ya maziwa, au mayai matatu. Maharage, dagaa na karanga pia vinaifikia. Pengo hili ni dogo, na unga wa makopo wa bei mbaya hauna kazi hapa.

Upungufu wa nishati kwa jumla ni hatari zaidi, hasa kwa wasichana. Anayekula kidogo kuliko anavyokimbia, mwili wake huanza kuzima shughuli moja baada ya nyingine, na hedhi huwa miongoni mwa zinazozimwa mapema. Makambini bado wapo wanaolifurahia hilo kama dalili ya kuiva kimazoezi. Ni dalili ya ugonjwa. Mifupa hupoteza uimara, na ufa wa mfupa hufuata. Kocha wa kiume anayeona haya kuuliza amtafute mama au dada wa kambi amuulizie, lakini swali liulizwe kila mwezi.

Na hapa ndipo ninapoona udhalimu mkubwa kuliko wote katika riadha yetu. Faith Kipyegon alijifungua mwaka 2018, mwaka uliofuata akachukua medali ya fedha kwenye ubingwa wa dunia mjini Doha, na Julai 2025 akaishusha rekodi ya dunia ya mita 1,500 hadi dakika 3, sekunde 48.68. Ana kipaji kisicho na mfano, na ana pia kambi inayomwezesha kulala baada ya mazoezi. Wasichana wengi walio nyuma yake hawana hilo. Wanarudi kutoka kilomita 20, kaka yao aliyekimbia nao anajilaza, wao wanachukua ndoo kwenda mtoni, wanapika, wanafua, wanabeba mtoto. Jioni wanarudi uwanjani, na kocha anashangaa kwa nini hawapandi. Mwili hautofautishi ndoo ya lita 20 na chuma cha kilo 20. Yote ni mzigo, na yote yanadai saa za kujijenga. Vijana wa kiume wanaopiga bodaboda hadi usiku ili wapate nauli ya kwenda mashindanoni wako katika hali hiyohiyo.

Kwa hiyo ombi langu linakwenda kwanza kwa viongozi wa vyama vya riadha vya mikoa na kaunti, na kwa mameneja wanaochukua asilimia kwenye zawadi za wanariadha. Mnapopanga bajeti ya msimu ujao, kabla ya viatu na jezi, wekeni mpishi, tangi la maji na magodoro katika kambi za wasichana, na mtu mmoja anayejua kufundisha kuchuchumaa na chuma. Fanyeni hivyo kabla ya mbio za mchujo, ili mazoezi ya miezi hiyo yapate pa kujengeka.